Unakoroma na kukatika pumzi usiku? Kulala ubavu kunamsaidia nani, na nani anajidanganya

Mtu anakoroma, mwenzake anampiga kiwiko, anageuka ubavu, kelele zinaisha. Kwenye nyumba nyingi, iwe Area C, Nkuhungu au kule Kongwa, hiyo ndiyo dawa ya kukoroma inayojulikana, na haigharimu hata shilingi.

Kumbe kile kiwiko kinafanya kazi inayotambulika hospitalini. Wataalamu wa usingizi wanaiita tiba ya mkao, yaani kumzuia mgonjwa asilale chali. Kwa baadhi ya watu wanaokatika pumzi usingizini, kuacha kulala chali kunapunguza tatizo kwa nusu au zaidi.

Shida ni kwamba wapo wengine ambao wakilala ubavu kelele zinapungua, lakini pumzi zinaendelea kukatika. Hao wanaamini wamepona. Presha inaendelea kupanda, uchovu hauishi, na siku moja usingizi unawakamata kwenye usukani.

Kwa hiyo kabla hujashona mpira mgongoni mwa fulana, jua kwanza uko kundi gani.

Nini kinatokea usiku

Koo ni njia laini. Halina mfupa wa kulishika liwe wazi muda wote, kazi hiyo inafanywa na misuli. Ukisinzia, misuli inalegea.

Kwa watu wengi njia inabaki wazi vya kutosha. Kwa wengine inabanana, hewa inapita kwa shida, nyama za kooni zinatetemeka na sauti inatoka. Huko ndiko kukoroma.

Njia ikiendelea kubanana, inaziba kabisa. Hapo kelele zinakata ghafla. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haiingii. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa nguvu kama aliyetoka kuzama majini, halafu anaendelea kulala.

Asubuhi mara nyingi hakumbuki kitu. Anachojua ni kwamba amelala saa saba au nane na bado ameamka amechoka, mdomo mkavu, kichwa kinauma.

Hali hiyo inaitwa apnia ya usingizi. Madaktari wanahesabu kila mara pumzi inaposimama au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni tatizo dogo, 15 hadi 29 ni la kati, 30 na kuendelea ni kubwa. Mwenye matukio 30 kwa saa, akilala saa saba, anakuwa amekabwa zaidi ya mara 200 kwa usiku mmoja.

Sio ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la The Lancet Respiratory Medicine yalisema watu wapatao milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Wengi hawajui.

Sio jinamizi

Wengi wakisikia mtu "anakabwa usiku" wanafikiria jinamizi, au mkono wa mtu mbaya. Haya ni mambo mawili tofauti, ingawa yote hutokea zaidi mtu akilala chali.

Anayepatwa na jinamizi huwa amezinduka. Anaona chumba, anataka kupiga kelele au kuinua mkono, mwili unagoma kwa sekunde au dakika chache. Asubuhi anakumbuka kila kitu na anasimulia.

Mwenye apnia yeye hasimulii, anasimuliwa. Anayejua habari zake ni mke, mume, mtoto aliyelala chumba cha pili, au utingo aliyelala naye kwenye lori. Ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kukaa na mtu miaka 10 bila yeye kushtuka.

Na lile wazo kwamba anayekoroma sana ndiye amelala fofofo halina ukweli. Mwenye apnia anaamshwa mara kwa mara bila kujua, usingizi wake unakatwa vipande vipande.

Kwa nini kulala chali ni shida

Ukilala chali, ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa zinavutwa na uzito wake kwenda nyuma, kule njia ya hewa ilipo. Taya nalo linarudi nyuma kidogo. Tumbo linasukuma mapafu, nafasi ya hewa inapungua.

Ukigeuka ubavu, ulimi unaangukia pembeni na njia inapata nafasi. Hakuna dawa iliyotumika hapo.

Mwaka 1984 mtafiti wa usingizi Rosalind Cartwright wa Chicago, Marekani, alichapisha utafiti uliolinganisha matukio ya mgonjwa akiwa chali na akiwa ubavu. Kigezo alichokiweka kinatumika hadi leo: kama matukio ukiwa chali ni mara mbili au zaidi ya yale ya mikao mingine, wewe una apnia ya mkao.

Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa apnia wanaangukia kundi hilo.

Hapo ndipo penye mtego. Chukulia mtu mwenye matukio 20 kwa saa akiwa chali na 3 akiwa ubavu. Huyo akilala ubavu usiku kucha, tatizo lake limekaribia kuisha. Sasa chukua mwingine mwenye matukio 60 akiwa chali na 28 akiwa ubavu. Naye anahesabiwa ana apnia ya mkao, kwa sababu 60 ni zaidi ya mara mbili ya 28. Lakini akilala ubavu bado anakabwa mara 28 kila saa.

Wote wawili watasikia kwa wenza wao kwamba "siku hizi umepunguza kukoroma". Mmoja tu ndiye aliyetibiwa.

Nani ana nafasi nzuri ya kusaidika

Wanaofaidika zaidi na tiba ya mkao huwa na sifa hizi:

• Tatizo lao ni dogo au la kati.
• Hawana uzito mkubwa kupita kiasi.
• Wenza wao wanasema pumzi inakata akiwa chali tu, akigeuka analala kwa utulivu.

Wasiotakiwa kuitegemea peke yake:

• Wenye uzito mkubwa sana. Mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa kutoka pande zote, hata wakilala ubavu.
• Wenye tatizo kubwa lililopimwa.
• Wenye presha inayokataa kushuka pamoja na dawa, waliowahi kupata kiharusi, au wenye ugonjwa wa moyo. Kwa moyo dhaifu kuna hata aina nyingine ya apnia ambapo koo liko wazi ila ubongo unachelewa kutoa amri ya kupumua. Hiyo inahitaji daktari.
• Wanaoendesha magari kwa kazi na wanasinzia mchana.

Jipime: maswali 8

Mwaka 2008 watafiti wa Toronto, Canada, wakiongozwa na Frances Chung, walitoa orodha fupi ambayo sasa inatumika hospitali nyingi duniani, hasa kabla ya upasuaji. Hesabu "ndiyo" zako:

1. Unakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukifungwa?
2. Unachoka au kusinzia mara kwa mara mchana?
3. Kuna mtu amewahi kukuona ukikata pumzi usingizini?
4. Una presha, au unatumia dawa za presha?
5. Uwiano wako wa uzito na urefu ni zaidi ya 35?
6. Una zaidi ya miaka 50?
7. Shingo yako inazidi sentimita 40? Futi ya fundi cherehani inatosha kupima.
8. Wewe ni mwanaume?

Ndiyo 0 hadi 2, hatari ni ndogo. 3 au 4, ni ya kati. 5 na kuendelea, ni kubwa, na usijaribu mambo ya mito na mipira peke yako. Nenda kapimwe.

Swali la 5 unaweza kulipiga kwenye kikokotoo cha simu. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mtu wa kilo 105 mwenye urefu wa mita 1.70 anapata kama 36.

Swali la presha nalo lisipitwe haraka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha karibu mtu 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania ana shinikizo la juu la damu. Kwa baadhi yao usingizi ni sehemu ya chanzo: kila pumzi inapokata, mwili unamwaga homoni za mshtuko na mishipa inakaza. Mchana wanameza vidonge, usiku wanaharibu kazi ya vidonge.

Simu yako ni shahidi

Daktari akikuuliza "unakata pumzi?" huwezi kumjibu. Simu inaweza.

Weka simu karibu na kitanda, washa kinasa sauti, acha irekodi kwa saa moja au mbili. Fanya hivyo usiku tatu au nne tofauti. Unachotafuta ni mpangilio huu: kukoroma, kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha mkoromo wa ghafla wa kuvuta hewa.

Kama una mwenza, mwombe akurekodi video ya dakika mbili ukiwa chali na nyingine ukiwa ubavu. Video inaonyesha kitu ambacho sauti haionyeshi: kifua kinapanda na kushuka huku hewa haipiti.

Anayelala peke yake, kama wanafunzi wa UDOM au watumishi waliohamia Dodoma familia zikabaki Dar, anaweza kutumia programu za simu zinazorekodi kukoroma. Zinasaidia kuona ni saa ngapi unakoroma zaidi. Hazipimi oksijeni wala hazitoi jibu la ugonjwa, kwa hiyo zisikutie hofu wala zisikupe amani ya bure.

Kipimo chenyewe ni mashine inayofuatilia pumzi, oksijeni, mapigo ya moyo na mkao usiku kucha. Kuna ya kulazwa hospitali na kuna ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Ukipimwa, omba daktari akueleze matukio yako ukiwa chali na ukiwa ubavu, kila namba peke yake. Namba hizo mbili ndizo zinazoamua kama tiba ya mkao inakufaa.

Namna ya kujizuia kulala chali

Kuamua tu "leo nalala ubavu" hakutoshi. Ukishalala hujui unageukaje. Kinachotakiwa ni kitu kitakachokukera ukirudi chali, bila kukuamsha kabisa.

Mpira mgongoni. Ndiyo njia ya zamani zaidi. Unashona mfuko mgongoni mwa fulana ya kubana, katikati ya mabega, unaweka mpira wa tenisi. Ukigeuka chali unakuchoma, unarudi ubavu. Mpira wa tenisi ukikosekana, viringisha soksi kwa nguvu au tumia mpira wa matambara kama ule wa chandimu. Uwe mgumu, wa ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Begi la mgongoni. Weka nguo au taulo iliyokunjwa ndani ya begi dogo, livae, funga mkanda wa kifuani. Usiweke kitu kizito au chenye ncha.

Mto mrefu nyuma ya mgongo. Ni rahisi, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Wengi wanausukuma na asubuhi wanaukuta sakafuni.

Vifaa vya kutetema. Vinavaliwa shingoni au kifuani na vinatetema ukilala chali mpaka ugeuke. Vinafanya kazi vizuri na havichomi mgongo, ila vinauzwa ghali na kwa Dodoma itabidi uagize.

Kuhusu mpira, ukweli usemwe. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa waliopewa njia hiyo. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, chini ya mtu 1 kati ya 10 alikuwa bado anautumia. Wengi waliacha kwa sababu ya maumivu ya mgongo au usingizi kukatika.

Kwa hiyo ukiona huwezi kuuvumilia, usijilaumu na usiache tiba kimyakimya. Badilisha njia.

Bega likiuma, tatizo huwa ni mto

Wanaoanza kulala ubavu wanalalamika bega na kiuno ndani ya wiki ya kwanza. Mara nyingi mto ni mwembamba, kichwa kinaning'inia na bega linabeba mzigo.

Mto ujaze ile nafasi kati ya sikio na godoro, shingo ibaki imenyooka na uti wa mgongo. Weka mto mwingine mdogo, au kanga iliyokunjwa, kati ya magoti. Bega la chini livute mbele kidogo, usililalie moja kwa moja. Godoro lililobonyea katikati linakurudisha chali lenyewe, ligeuze au libadilishe.

Kushoto au kulia? Kwa kukatika pumzi, chagua upande unaokuletea usingizi. Mwenye kiungulia atapata nafuu zaidi upande wa kushoto.

Kulala kifudifudi kunaweza kufungua koo pia, ila shingo inakaa imepinda usiku kucha. Wengi hawadumu nako.

Tofali chini ya kitanda

Kwa asiyeweza kabisa kulala ubavu, mfano mwenye jeraha la bega au nyonga, kuna njia ya kuinua upande wa kichwani. Utafiti wa Brazil uliochapishwa 2017 uliinua kitanda kwa nyuzi 7.5 tu na matukio yakapungua kwa karibu theluthi moja.

Kwa kitanda cha 5 kwa 6, hiyo ni kuinua miguu ya upande wa kichwani kama sentimita 24. Tumia vipande vya mbao au tofali zilizo imara na zenye uso mpana, jaribu kwanza kwa kukitikisa, kisha rekebisha chandarua kifike chini.

Kurundika mito mitatu chini ya kichwa sio kitu kilekile. Mito inakunja shingo na kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inazidi kubanwa. Kinachotakiwa kuinuka ni mwili mzima kuanzia kiunoni.

Mashine bado ina nafasi yake

Tiba inayotegemewa zaidi kwa tatizo la kati na kubwa ni mashine inayosukuma hewa kwa bomba na barakoa ili koo lisizibe, inayojulikana kwa kifupi kama CPAP. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na daktari wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake.

Mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 yalilinganisha mashine hiyo na vifaa vya mkao. Mashine ilipunguza matukio zaidi. Lakini wagonjwa waliweza kukaa na vifaa vya mkao kwa saa nyingi zaidi kila usiku.

Maana yake ni rahisi: tiba nzuri iliyowekwa kabatini haitibu. Na mashine inahitaji umeme. Anayeishi sehemu yenye mgao au isiyo na umeme, au anayelala safarini, anaweza kuunganisha: mashine umeme ukiwepo, kulala ubavu siku ambazo haupo. Daktari akiona kwenye kipimo kwamba ukilala ubavu unahitaji msukumo mdogo wa hewa, hata barakoa inakuwa rahisi kuvumilia.

Madereva wasome hapa mara mbili

Dodoma ni njia panda. Malori ya Rwanda, Burundi na Congo yanatoka Dar es Salaam, yanapita Morogoro, Gairo, Kibaigwa na Dodoma mjini, yanaendelea Manyoni na Singida. Mengine yanakata kwenda Kondoa na Babati, au kushuka Iringa. Tangu mwaka 2023, Serikali ilipoondoa zuio la mabasi kusafiri usiku lililokuwepo tangu miaka ya 1990, barabara hizo zina abiria saa 24.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikadiria kwamba dereva mwenye apnia ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara mbili na nusu ya asiye nayo.

Dereva wa lori ana matatizo mawili ya ziada. Anakaa muda mrefu, uzito unaongezeka na shingo inanenepa. Akipumzika, mara nyingi analaza kiti nyuma na kulala chali, mkao uleule unaomziba koo. Anaamka baada ya saa nne akidhani amepumzika.

Kama lori lina kitanda nyuma ya kiti, lala ubavu, begi mgongoni. Mwambie utingo akusikilize. Akikwambia "bosi, unanyamaza halafu unashtuka", usimcheke. Hiyo ndiyo taarifa daktari anayoitaka.

Na kama umewahi kusinzia kwenye usukani hata mara moja ukiwa umelala usiku uliopita, acha kujaribu mambo ya mkao. Kapimwe kwanza. Redio, bigijii, kahawa na kufungua dirisha havitibu koo linaloziba.

Kichanga yeye analazwa chali

Hapa pasichanganywe. Yote yaliyosemwa ni ya watu wazima.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja analazwa chali, kwenye sehemu ngumu, bila mto wala nguo nzito karibu na uso. Kumlaza ubavu au kifudifudi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mtu aliyesoma faida za kulala ubavu asiende kumgeuza kichanga.

Kwa mtoto mkubwa anayekoroma kila siku, kupumua kwa mdomo na kulala kichwa kimerudi nyuma, mara nyingi chanzo ni mafindofindo au nyama za puani zilizovimba. Huyo apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Watoto wa namna hii wanaweza kuonekana watundu au wazito darasani, kumbe hawalali.

Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho ana sababu yake ya kulala ubavu: uzito wa mfuko wa uzazi unabana mshipa mkubwa wa damu akiwa chali. Akianza kukoroma sana na presha kupanda, aseme kliniki.

Vitu vinavyoharibu kazi yote

Pombe. Iwe mvinyo wa zabibu wa hapa Dodoma, bia au pombe ya mtama, inalegeza misuli ya koo. Mtu anayekoroma kidogo siku za kawaida anaweza kukatika pumzi akinywa. Acha saa tatu au nne kabla ya kulala, au acha kabisa.

Dawa za usingizi. Zinalegeza koo na kuchelewesha ubongo kushtuka. Usizitumie bila daktari kujua unakata pumzi.

Uzito. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha aliyepunguza asilimia 10 ya uzito wake matukio yalishuka kwa takriban robo. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 9.

Pua iliyoziba. Upepo na vumbi la kiangazi vinaziba pua za watu wengi huku. Pua ikiziba unapumua kwa mdomo, taya linashuka, ulimi unarudi nyuma. Safisha pua kwa maji safi yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo, futa vumbi chumbani, na mwenye mzio atibiwe.

Ukienda hospitali, sema hivi

Usiseme tu "nakoroma". Sema: "Nakatika pumzi usingizini, nimeambiwa na mwenzangu, na mchana nasinzia." Onyesha rekodi kwenye simu. Taja dawa zote unazotumia.

Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, wakakupa rufaa. Kwa walio Dodoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, maarufu kama General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma ndizo hospitali kubwa za rufaa. Uliza kitengo cha masikio, pua na koo, na uliza kama kipimo cha usingizi kinafanyika pale au unapelekwa kwingine. Bima nayo iulizwe mapema kama inalipia kipimo na mashine.

Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambie mtaalamu wa ganzi kwamba unakatika pumzi. Dawa za nusu kaputi na za maumivu zinaweza kuliziba koo lako kirahisi kuliko la mtu mwingine.

Ukishaanza kulala ubavu, jipe wiki nne hadi sita, kisha angalia mambo manne: je, unaamka umepumzika? Unasinzia mchana? Presha imeshuka? Rekodi ya simu bado ina kimya kirefu kinachofuatiwa na kushtuka?

Yote manne yakiwa mazuri, endelea, na ukipata nafasi rudia kipimo ukiwa unalala ubavu ili uwe na uhakika. Hata moja likiwa baya, rudi hospitali. Na vidonge vya presha usiache kwa sababu tu kukoroma kumeisha. Anayepunguza au kusimamisha dawa ni daktari, akishaona namba.